Kishindo cha Nyuma ya Gari

Yeyote aliyepata kusafiri kwa gari kati ya Omurushaka, Nkwenda na Murongo ameisikia baraza inayokaa ndani ya gari pindi kinapotokea kishindo upande wa nyuma. Mmoja husema ni shokapu, wa pili husema ni difu, na wa tatu, ambaye pengine hajapata kushika spana, huapa kwamba ni springi iliyokatika. Dereva hufuata kauli ya mwenye sauti kubwa. Hununua kifaa, hukifunga, na kesho yake kishindo kiko palepale. Wengi huwalaumu mafundi. Mimi naona lawama ituangukie kwanza sisi walimu wa sayansi, tuliowafundisha vijana Kanuni ya Hooke kwa springi ndogo ya maabara, tusiwaonyeshe springi iliyo chini ya gari la shule.

Nami nimo katika kundi hilo. Pikapu niliyokuwa nikibebea ndizi kutoka Kyerwa, wilaya iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, kwenda Kayanga, ilianza kugonga nyuma. Nilinunua shokapu mbili mpya bila ya kujiuliza lolote. Kishindo hakikupungua hata kidogo. Ndipo kijana msaidizi wa fundi aliponiuliza, "Mwalimu, likiwa na mzigo linagonga?" Nikakumbuka kwamba likijaa mikungu lilikuwa kimya, na likirudi tupu liligonga katika kila tuta. Ushahidi huo nilikuwa nao siku zote. Sikuwa nimeuhesabu kuwa ushahidi.

Swali lile lilikuwa la fizikia tupu. Springi za pikapu ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ncha zake hushikwa kwenye chesisi kwa pini zilizozungukwa na bushi. Bushi ikilika, huachwa nafasi ndogo. Gari tupu likiruka tuta, pini huhama kutoka upande mmoja wa nafasi hiyo na kugonga upande wa pili. Mzigo ukiwa mkubwa, uzito huibana pini upande mmoja tu, nayo haipati pa kuchezea. Kwa hiyo ukimya wa gari lililojaa ulikuwa unataja kiungo kilicholegea. Shokapu iliyokufa haiponi kwa kuongezewa mzigo. Nayo ina kipimo chake kisichogharimu kitu: kandamiza pembe ya bodi kwa nguvu, kisha achia. Gari lapasa kupanda na kutulia. Likiendelea kudunda, hapo shokapu ni ya kushukiwa.

Sikio peke yake si shahidi wa kutegemewa katika jambo hili. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini ndani ya chuma cha pua hufikia takribani mita 5,000. Mgongano wa kiungo kimoja huenea katika chesisi yote, na abiria husikia kama kwamba umetokea chini ya kiti chake. Kinachosaidia zaidi ni kuuliza kishindo kinafuata mwendo wa kitu gani.

Chukua gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2. Gari likienda kilomita 8 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka mara moja hivi kwa sekunde. Propela, katika gari ambalo difu yake ina uwiano wa 4, huzunguka mara nne katika muda huohuo. Mwanafunzi mwenye saa ya mkononi aweza kuhesabu mapigo hayo kwenye uwanja ulio sawa. Kwa kilomita 40 kwa saa mambo huvurugika: propela sasa huzunguka mara 20 kwa sekunde, na barabara ya changarawe yenye mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70 hulipiga gari mara 16 hivi kwa sekunde. Hakuna sikio la kutenganisha hayo. Ndiyo maana dereva anayeongeza mwendo ili “asikie vizuri” hupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Kishindo kimoja tu kinachotokea klachi inapoachiwa, au gia inapobadilishwa kutoka mbele kwenda nyuma, huelekeza kwenye krosi ya propela au ulegevu wa difu. Kinachotokea breki zinapokanyagwa kitafutwe kwenye breki na mahali ekseli inapofungwa kwenye springi. Bomba la moshi hutikiswa kwa mkono likiwa limepoa. Na kabla ya yote hayo, jeki, tairi la akiba na mlango wa bodi vitazamwe. Wapo waliofungua difu kwa sababu ya jeki iliyolegea.

Lipo jambo moja lisilongoja jaribio lolote. Kishindo kinachorudi kwa kila mzunguko wa gurudumu chaweza kuwa cha nati zilizolegea, na gurudumu likichomoka katika mteremko, watakaolipa ni abiria. Gari lisimamishwe papo hapo, nati zikazwe.

Ningependa kuona walimu wa fizikia wa Karagwe na Kyerwa wakilitoa darasa nje kwa kipindi kimoja, gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa magogo, na mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wanafunzi waandike dhana yao kabla ya kugusa chochote, kisha wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: mzigo, mwendo, au breki. Wapo watakaosema kuwa huko ni kuishusha elimu hadi gereji. Wakumbuke kwamba katika Karagwe ya kale, pale Bweranyange, vyuma vilivyofuliwa kwa umbo la nyundo na la ng'ombe vilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Kazi ya chuma haikuwa ya kuonewa haya.

Bushi ya pikapu yangu ilibadilishwa asubuhi moja, kwa bei ndogo kuliko ya shokapu moja. Shokapu zile za zamani nilikuwa nimezitupa stoo. Nilizitoa, nikaisimamisha kila moja na kuivuta na kuikandamiza kwa mikono. Zote mbili zilikataa kwenda upesi, juu na chini, kama zilivyotengenezwa kufanya. Zilikuwa nzima.