Kemea kosa, usimtukane mtoto

Nyumba nyingi za Bariadi huongea Kisukuma na Kiswahili, lakini hasira ikipanda, Kiingereza nacho huingia. Mtoto amemwaga ndoo ya maji, anaambiwa "stupid". Ameleta matokeo mabaya ya mtihani, anaitwa "idiot". Kwa kuwa si lugha ya nyumbani, mzazi huyaona maneno hayo kuwa mepesi.

Si mepesi. "Nonsense" ni upuuzi, na kwa kawaida hulenga maneno au jambo. "Stupid" likielekezwa kwa mtoto ni mpumbavu. "Idiot" ni zito zaidi: zamani lilikuwa neno la kitabibu, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 ililitumia kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mzazi asiyethubutu kumwita mwanawe hivyo kwa Kisukuma, anamwita kwa Kiingereza. Mtoto naye anasoma. Siku moja atajua maana yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kumdharau na kumdhalilisha mtoto kwa maneno kuwa ukatili wa kihisia. Hiyo haina maana kwamba mzazi anyamaze. Kukemea ni sehemu ya malezi, ila kemeo zuri hutaja kosa na la kufanya: "Umemwaga maji kwa sababu ulikuwa unakimbia. Chukua ndoo, urudi kisimani taratibu." Hapo mtoto anajua alipokosea na pa kuanzia. Akiitwa "stupid", anabaki na jina tu, na ndoo bado tupu.