Jeraha la Mkono Lisidharauliwe Kambini

Katika kambi zetu na katika vituo vya polisi imejengeka desturi ya kupima ushujaa wa askari kwa jinsi anavyoyanyamazia maumivu. Aliyepigwa risasi ya paja hubebwa kwa machela na kila mtu humpisha njia. Lakini aliyechomwa mwiba kidoleni, au aliyekatwa kidogo na kipande cha chupa, akijitokeza kwenye paredi ya wagonjwa huchekwa na wenziwe ya kwamba anakwepa zamu. Desturi hii ni mbaya, nayo yafaa ipigwe vita na makamanda wenyewe. Mkono ni kiungo ambacho tundu lake moja lisilozidi upana wa punje ya mtama laweza kumfanya askari asiweze tena kushika bunduki, wala kalamu ya kuandikia maelezo ya shahidi, maisha yake yote.

Hapana budi kwanza tuelewe umbo la kiungo chenyewe. Mkono mmoja, tangu kifundo chake hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli yenye nguvu ya kazi hiyo imekaa huku juu, katika kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kiganjani. Kila kano ya kukunjia kidole hupita katika ala yake, kama singe katika ala, ila ala hii ina utelezi ndani na nafasi yake ni finyu mno. Usaha ukiingia humo hauna pa kutokea. Hupanda na kushuka, huikaba kano na kuinyima damu, na kano iliyokosa damu hufa au hugandamana na ala, kidole kikabaki kigumu kama kijiti.

Mtu aliyetufumbulia jambo hili ni Allen Kanavel, daktari mpasuaji wa Chicago nchini Marekani, aliyetoa mwaka 1912 kitabu chake juu ya maambukizi ya mkono. Yeye alitia vitu vya maji maji katika mikono ya maiti na kufuatilia vinakwenda wapi, akatambua njia ambazo usaha huzifuata. Dalili nne zinazojulikana kwa jina lake zatumika hata leo, na mganga msaidizi wa kikosi aweza kuzitambua bila ya chombo chochote: kidole kimejikunja kidogo chenyewe; kimevimba chote sawasawa, mfano wa muhogo; kikibonyezwa huuma katika njia yote ya ala, upande wa kiganja; na mwingine akikinyoosha japo kidogo, mgonjwa huruka kwa maumivu. Hii ya mwisho aghalabu hutangulia nyingine. Askari mwenye dalili hizi hapaswi kupewa vidonge na kuambiwa arudi Jumatatu. Apelekwe hospitali siku ile ile, ambako mpasuaji ataifungua ala na kuiosha. Tena kwa kidole gumba na kile kidogo cha mwisho hatari ni kubwa zaidi, kwani ala zao hufika hadi karibu na kifundo cha mkono, na kwa watu wengi huko hukutana. Usaha ulioanzia gumbani huweza kutokea upande wa pili.

Maradhi yanayoonekana zaidi ni yale ambayo wengi wetu twayaita mdudu wa kidole. Nyama ya ncha ya kidole imegawanywa vyumba vidogo vidogo kwa nyuzi ngumu zinazoishikamanisha ngozi na mfupa. Usaha ukijaa humo hauna pa kupanuka, ndipo kidole kikapiga kama ngoma usiku kucha. Madaktari wana kipimo cha zamani ambacho ni cha kweli: mgonjwa akisema hakulala kwa sababu ya kidole, yamkini usaha upo na wahitaji kutolewa. Lakini utolewe na mwenye ujuzi, kwa chombo safi na dawa ya ganzi, si kwa wembe wa kunyolea ndevu katika bweni. Ncha ya kidole ina neva mbili zinazotambua kila mguso, na wembe hauzijui. Kuna tena aina moja ya mdudu isiyotakiwa kukatwa kamwe, yenye malengelenge madogo yaliyojaa maji maangavu. Hiyo yatokana na virusi, nayo hupona yenyewe. Kuikata ni kuikaribishia madhara mapya.

Sasa nije kwenye jeraha ambalo wanajeshi na polisi hawapendi kulisema. Mtu hupiga ngumi mdomoni mwa mwenzake, na jino hupasua ngozi juu ya kifundo cha kidole. Wakati ule ngumi imefumbwa, kano ya juu imevutwa mbele, na jino hupenya hata ndani ya kiungo cha mifupa. Mkono ukikunjuliwa, ngozi na kano hurudi nyuma na kulifunika tundu, kama pazia lililoteremshwa. Kinachoonekana nje ni mchubuko tu. Ndani wamefungiwa vijidudu wa mate ya binadamu, ambao ni wengi na wakali, na baada ya siku moja au mbili mgongo wa mkono huvimba na kiungo huanza kuoza. Jeraha hili halishonwi. Hupigwa picha ya eksirei kutafuta kipande cha jino au mfupa uliovunjika, hufunguliwa, huoshwa vizuri, huachwa wazi, na mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu.

Yote hayo ni rahisi kama askari atasema kweli. Lakini hasemi. Husema alijikwaruza kwenye mlango wa gari, au alichomwa na msumari, kwa kuwa akitaja ngumi atafikishwa mbele ya mkubwa wake kwa kosa la kupigana. Kwa hiyo mganga hutibu msumari ambao haukuwapo, hushona pale pasiposhonwa, na kidole hupotea. Maoni yangu ni kwamba maneno ambayo askari anamwambia daktari juu ya namna alivyoumia yasitumike kamwe kuwa ushahidi wa kumshitaki. Najua wako maofisa watakaosema hii ni kuvunja nidhamu, na kwamba polisi aliyempiga raia mahabusu atajificha nyuma ya daktari. Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Hata hivyo raia aliyepigwa ana mdomo wake, ana jeraha lake, na mahabusu wenzake wana macho. Uchunguzi wa kosa uendelee kwa mashahidi hao, na adhabu ije kwa wakati wake. Adhabu yaweza kungoja wiki mbili pasipo kuharibika, ilhali usaha hauwezi.

Kuhusu kukatwa kwa panga, kisu au kioo, kosa linaloonekana mara nyingi ni kushona ngozi kabla ya kuuliza kilichokatwa chini yake. Mganga amshike mgonjwa kiungo cha kati cha kidole na kumwambia akunje ncha. Kisha avishike vidole vingine vimenyooka na kumwambia akikunje kile kilichobaki. Akishindwa, kano imekatika, hata kama kidonda ni kidogo namna gani. Aguse pande zote mbili za ncha kujua kama neva zinafanya kazi. Na haya yafanywe kabla ya sindano ya ganzi, maana baada yake kila kidole husema hakisikii.

Elimu hii ilistawi hasa kwa sababu ya vita. Mwaka 1944 Sterling Bunnell wa San Francisco alitoa kitabu chake juu ya upasuaji wa mkono, na Jeshi la Marekani likamtumia kuanzisha katika hospitali zake vituo maalumu vya majeruhi wa mikono. Ni yeye aliyeipa sehemu ya kuanzia mkunjo wa kiganja hadi katikati ya kidole jina lililotoka vitani: eneo lisilo la mtu, kama ardhi iliyo kati ya mahandaki mawili, ambapo aliwaonya wapasuaji wasiungeunge kano papo hapo. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert wa Louisville na wenziwe walithibitisha ya kuwa hata huko kano iliyokatika yaweza kuungwa mapema, mradi mkono uwe wa mtaalamu na mazoezi yafuate. Nayo mazoezi ndiyo yanayosahauliwa na askari wetu mara tu nyuzi zikitolewa.

Dawa za kuua vijidudu zimeokoa wengi, lakini zisitupumbaze. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa penisilini kwa maradhi ya namna hii, mjini Oxford mwezi Februari 1941, alikuwa konstebo wa polisi, Albert Alexander, ambaye usaha ulioanzia katika kidonda cha usoni ulikuwa umemwenea mwilini. Alianza kupata nafuu ya kustaajabisha, kisha dawa ikaisha, akafariki mwezi Machi. Siku hizi dawa haziishi kwa namna ile. Tatizo letu ni kwamba twazimeza juu ya usaha uliofungiwa, ambao dawa haiufikii vizuri mpaka ufunguliwe kwa kisu.

Maofisa wa makamo wenye kisukari wajihadhari zaidi. Taarifa zilizotoka Nigeria mwaka 1984, na baadaye kwa jirani zetu wa Dar es Salaam kwa miaka ya 1998 hadi 2002, zilieleza wagonjwa wa kisukari ambao mikwaruzo midogo, au kuumwa na mdudu, kuligeuka kuwa uozo wa mkono mzima, wengine wakakatwa mkono na wengine wakafa. Na fundi wa karakana ya magari aliyerushiwa grisi au dizeli kwa bomba lenye mgandamizo mkubwa asidanganywe na tundu dogo lisilouma. Huyo ni wa kupelekwa chumba cha upasuaji saa ile ile, awe anacheka au analia.

Kwa hiyo sajini anayesimamia paredi ya wagonjwa aanze na wenye majeraha ya mikono. Awavue pete kabla uvimbe haujazibana, awaambie wainue mkono juu ya moyo, aandike saa waliyoumia, na atafute gari.