KABLA YA KUMLAUMU MCHAWI, SOMA ILE BARUA



Umenyimwa visa. Unaona aibu, kwa sababu watu wa nyumbani walishachanga, na kanisani ulishatoa ushuhuda mapema. Pole sana. Lakini leo nakuambia neno ambalo haliniletei sadaka: si kila visa iliyokataliwa imefungwa na mchawi.

Kuna watumishi wanaokuambia ulete pasipoti madhabahuni ipakwe mafuta, upande mbegu ya elfu kumi, na mlango wa mataifa utafunguka. Ukinyimwa tena, wanakutajia shangazi yako. Sasa umepoteza elfu kumi, na shangazi umempoteza. Huo si unabii, ni biashara, na mtaji wake ni hofu yako.

Nakuuliza: ile barua ya ubalozi uliisoma?

Ukinyimwa visa ya kutembea Marekani, mara nyingi karatasi hutaja kifungu 214(b). Sheria hiyo humhesabu mwombaji kuwa anataka kuhamia huko mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba atarudi nyumbani. Rufaa hakuna. Unaweza kuomba upya, lakini kama hali yako haijabadilika, unalipa ada ya pili kusikia jibu lile lile. Ikiandikwa 221(g), huenda kuna stakabadhi wanayongoja au uchunguzi haujaisha. Peleka walichoitisha, kisha ungoje. Nchi za Schengen hukupa fomu yenye sababu, na rufaa ipo, ila ina siku zake. Usizimalize siku hizo ukikesha kumkemea shangazi.

"Mchungaji, yangu imechelewa tu." Sawa. Uliomba lini? Schengen wanakuruhusu kuomba hata miezi 6 kabla ya safari. Kwa kawaida jibu huchukua siku 15, na linaweza kufika siku 45. Wewe ulipeleka fomu zikibaki siku kumi, halafu unasema ni Mkuu wa Uajemi wa Danieli 10 amezuia jibu!

Na kuna dhambi tunayoiogopa kuitaja. Taarifa ya benki ya kutengenezwa. Barua ya kazi kutoka kampuni ambayo hujawahi kuifanyia kazi. Pesa za chama zilizolala kwenye akaunti yako wiki moja ili uonekane tajiri. Unafunga siku tatu ukimwomba Mungu wa kweli abariki karatasi ya uongo? Marekani ikikupata na udanganyifu kama huo, unaweza kuzuiwa maisha yako yote. Uingereza, miaka 10. Mlango huo hakuna aliyekufungia. Umeufunga kwa mkono wako.

Soma Nehemia 1 na 2. Yule mtu alilia, akafunga, akaomba. Lakini mbele ya mfalme hakuishia kuomba. Mfalme alimuuliza atarudi lini, naye akataja muda. Kisha akaitisha barua za kuwaonyesha maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Maombi yake yalikuwa na stakabadhi. Wewe umeomba, lakini ukiulizwa utarudi lini, una jibu la kweli?

Basi fanya hivi. Soma sababu. Rekebisha kinachorekebishika. Usiache kazi wala kuuza shamba kabla visa haijatoka. Kama ulimtuhumu mtu wa nyumbani bila ushahidi, nenda ukamwombe msamaha wiki hii. Na jibu likiwa bado ni hapana, kumbuka Warumi 1:13: Paulo alikusudia mara nyingi kwenda Rumi, akazuiwa. Hakukaa akilia bandarini. Aliendelea kumtumikia Mungu pale alipokuwa.

Mungu wako hakai Ulaya akikungojea. Yuko nawe hapo hapo ulipo.

Leo usiniandikie "Napokea!" hapo chini. Toa ile barua kwenye droo, uisome mpaka mwisho, halafu upige magoti ukiwa unajua unaombea nini.

Ubarikiwe.