Wembamba wa Wembe, Si wa Njaa

Leo maua na chokoleti tuviweke kando kidogo, tuongee mwili.

Kila kijana wa ofisini siku hizi anataka mwili wa Bruce Lee. Kifua cha baunsa hakitaki tena. Anataka ule mwili mkavu, mwepesi, unaorusha teke juu ya kichwa na kutua bila kishindo. Mimi naunga mkono kabisa! Kinachonikera ni njia wanayopita. Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wawili, ananiambia mumewe tangu aanze karate amesusa chakula cha usiku, hasira ziko puani, na juzi kaanguka mazoezini kwa kizunguzungu. "Dada, huu ni mwili au adhabu?" ananiuliza.

Shemeji, kama unasoma hapa, kwanza nenda kwa daktari akakupime. Halafu rudi tuzungumze.

Bruce Lee alikuwa na urefu wa kama sentimita 172 na uzito wa kilo sitini na kitu tu. Lakini njaa haikumjenga. Alikimbia, aliruka kamba, aliendesha baiskeli, alinyoosha viungo na kunyanyua vyuma. Teke la kasi linatoka kwenye nyonga na mapaja yenye nguvu. Ukijinyima chakula, mwili unaanza kula misuli yako mwenyewe. Utapungua kweli kwenye mizani, ila teke nalo litapungua.

Sasa ufanyeje? Anza na kamba. Ruka dakika 3, pumzika 1, kama raundi za ndondi. Raundi 3 zinatosha kwa kuanzia. Siku 2 kwa wiki piga pushapu, chuchumaa na kusimama, jivute kwenye bomba. Mwishoni, mwili ukiwa bado wa moto, nyoosha nyonga na nyuma ya mapaja, sekunde 30 kila upande. Msamba haulazimishwi jamani, unabembelezwa kwa miezi. Na ulale vizuri, maana misuli inajijenga ukiwa umepumzika.

Mezani, ugali punguza, usiufukuze. Jaza maharage, dagaa, mayai na mboga za majani, soda waachie wageni. Ukipungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, shukuru. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi anataka pesa yako.

Na usiruke kupasha mwili moto. Mwaka 1970 Bruce mwenyewe aliumia mgongo vibaya akinyanyua chuma bila kupasha mwili vya kutosha. Madaktari wakamwambia asahau kupiga teke. Akalala kitandani miezi, na nyumbani kuna watoto wawili wadogo. Mkewe, Linda, akatafuta kazi ya jioni ili maisha yaende, Bruce akabaki na watoto. Baadaye alinyanyuka, akapiga mateke tena, na mwaka 1973 dunia nzima ikamwona kwenye Enter the Dragon. Wengi tunaikumbuka ile filamu. Zile jioni za Linda nani anazikumbuka?

Ndiyo maana nasema mwili huu si wako peke yako. Ukianguka, kuna mtu atakuokota, atakupikia uji na kulipa bili. Basi mshirikishe tangu mwanzo. Mwambie unataka nini, kaeni mpange chakula ambacho nyumba nzima itakila, badala ya yeye kupika wewe ukisukuma sahani. Nunueni kamba mbili. Akuhesabie dakika, nawe umhesabie zake. Na asikudanganye mtu kwamba mchezo huu ni wa wanaume: judo ya wanawake inagombewa medali za Olimpiki tangu Barcelona mwaka 1992.

Kwa hiyo kina dada, msiishie kufua makanzu ya karate. Vaeni na nyinyi! Mtu mliyetoka naye jasho saa 12 asubuhi ni vigumu sana kumnunia saa 2 usiku.

Tukutane mwezi ujao. Chakula cha usiku ule, sawa?