Fedha, Kadi na Ufunguo

Anunuaye motokaa iliyokwisha tumika kwa mtu binafsi, saa yake ya hatari ni ile ya kutoa fedha. Qur'ani, Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi tunapouziana. Basi tusione haya kutaka maandishi, hata muuzaji akiwa jamaa.

Kwanza, hakikisha katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuwa jina lililo katika kadi ya gari ndilo la muuzaji, kwa kitambulisho chake. Usitoe arubuni kwa motokaa usiyoiona. Pili, kutaneni benki pamoja na mashahidi wawili. Fedha ziingie katika hesabu yenye jina lile lile, nawe upokee stakabadhi, mkataba uliotiwa saini, kadi na ufunguo katika kikao kimoja. Kisha milki ihamishwe TRA bila kukawia.

Nawe muuzaji, hundi si fedha mpaka benki iilipe, na ujumbe wa simu waweza kughushiwa; tazama kwanza salio lako.

Mwaminifu hachukizwi na mashahidi. Amchukiaye shahidi, mwacheni na motokaa yake.