Matanga Hayangoji Siku ya Kurudi

Kuna neno moja ninalolisikia karibu kila msiba hapa Nyarugusu, na nimechoka nalo. Wazee wanalisema kwa upole, wamekaa chini ya turubai: "Tumzike tu hivi hivi. Kilio chenyewe tutakifanya siku tutakaporudi kwetu." Watu wanatikisa vichwa, jeneza linabebwa, na kesho yake kila mtu yuko kwenye foleni ya maji kama vile aliyeondoka alikuwa mpita njia.

Wazee wangu, mnisamehe, mimi ni mtoto wenu. Lakini neno hilo linatuharibia. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Mimi nimezaliwa humu humu, Fizi naijua kwa masimulizi tu. Wale waliosema miaka ile kwamba "tutalia tukirudi", wengi wao tumeshawazika, na wao pia tuliwaahirishia. Sasa tuna vilio vya vizazi vitatu tulivyoviweka akiba. Nani atakuja kuvilia?

Mimi nafanya kazi na vijana, na nasema ninachokiona katika kazi hiyo. Kilio ni kazi, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Ndugu wanamwosha marehemu na kumvisha kwa mikono yao. Moto unawashwa nje, wanaume wanalala hapo, wanawake wanakaa na mwili wakiimba. Kila anayefika anauliza ugonjwa ulianzaje, na anajibiwa, hata mara ishirini, mpaka yule anayehadithia mwenyewe akubali kwamba mtu wake kweli amekufa. Baada ya kuzika, siku za matanga zinakaliwa. Siku ya kuondoa matanga watu wananyolewa nywele, na mkubwa wa ukoo anasimama. Nani anamdai marehemu? Marehemu alikuwa anamdai nani? Watoto watakaa kwa nani? Mjane ataishi vipi? Yote yanasemwa mbele ya watu ili kesho asitokee wa kugeuza maneno.

Ukiruka hayo, maswali hayaingii kaburini pamoja na maiti. Yanabaki nyumbani. Deni linakuja kudaiwa usiku mlangoni. Mjane anaanza kusemwa kwamba ndiye aliyemloga mumewe, kwa sababu hakuna kikao kilichokaa kusikia mtu aliumwa nini. Kijana wa miaka 14 hajui sasa baba yake ni nani, anaacha shule, anashinda sokoni. Halafu tunaitwa sisi tumpe ushauri nasaha! Kazi hiyo ukoo ungeimaliza kwa siku saba, bila fomu wala semina.

Najua jibu mtakalonipa: pesa. Posho imepunguzwa mara nyingi, tutawalisha watu nini? Hapo nasema na sisi wenyewe. Nani alituambia matanga ni sahani? Siku hizi mtu akikata roho tunaanza kuhesabu masufuria, tunakodi spika, familia inauza unga wa mwezi mzima ili majirani wasiseme. Watoto wa marehemu ndio wanaolala njaa wiki zinazofuata. Babu na bibi zetu wanatuhadithia kwamba mtu alikuja kilioni na kitu: kuni, mihogo, ndoo ya maji kichwani. Wafiwa walipikiwa, hawakupika. Turudishe hilo. Na yule anayekuja mikono mitupu halafu analalamika chai haina sukari, aambiwe ukweli hapo hapo.

Wengine watauliza: mila za nani? Kambi ina Wabembe, Wafuliru, Wavira, ina Warundi, ina makanisa na misikiti. Ni kweli. Basi watazameni majirani zetu Waislamu. Wao wanazika mapema, siku ile ile ikiwezekana. Lakini sijasikia hata mmoja akisema dua ya marehemu itasomwa akishafika Uvira. Zika haraka kama dini yako inataka hivyo, ila usizike halafu ukaahirisha mengine yote. Kila kabila kwa mila yake, kila dini kwa sala yake, lakini hapa hapa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, najua mnalisoma jarida hili. Mtu akifa, neno la kwanza ambalo familia inalisikia kutoka ofisini ni "leteni kadi", ili jina litolewe kwenye posho. Tunaelewa hesabu lazima iende sawa. Lakini mfiwa anastahili neno lingine kabla ya hilo.

Mkinijibu kwamba ni mambo ya afya, nitawakumbusha Ebola. Mwaka 2014 kule Afrika Magharibi, vikosi vya kuzika vilipochukua maiti bila ndugu kushiriki, watu walianza kuficha wagonjwa na kuzika kwa siri. Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima: familia ishirikishwe, sala isomwe, kaburi liwekwe alama. Mazishi ya namna hiyo yalifanyika hata kwetu Kongo, Kivu Kaskazini na Ituri, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Kama ndugu walipewa nafasi yao kwa maiti ya Ebola, wanakosaje nafasi kwa mzee aliyekufa kwa presha?

Tunaomba mambo matatu. Mfiwa apewe angalau siku tatu kabla ya kuitwa kwenye madawati ya ofisi. Anayefia hospitalini, kama ugonjwa wake hauna hatari, akabidhiwe ndugu wamwoshe wenyewe. Tena mtusemee kwa serikali kuhusu kibali. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa. Ndugu aliye mbali akipata kibali baada ya wiki mbili, amepewa kibali cha kuja kutazama udongo.

Limebaki la majina. Msalaba wa mbao unaliwa na mchwa, masika mawili tu umekwisha. Wenzetu wengi wamepelekwa Marekani, na wanapiga simu: "Mdogo wangu, nitumie picha ya kaburi la mama." Tunaenda, tunakuta nyasi. Tunazunguka, tunauliza, tunarudi bila picha. Utamwambia nini mtu aliye mbali hivyo?

Jambo hili halihitaji mfadhili. Kila kanisa na kila msikiti uwe na daftari la makaburi: jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji alichotoka, siku aliyofariki, mstari aliolazwa. Wafyatua tofali tunao. Jina likichorwa kwenye udongo ungali mbichi, kisha tofali likachomwa, mchwa watashindwa. Na matanga yaliyoahirishwa yafanywe sasa, hata kwa mhogo wa kuchemsha na maji, watu wakae, maswali yaulizwe na majibu yasikike.

Mwezi wa sita mvua ikishakatika, kikundi chetu cha vijana kitaanza kufyeka makaburini na kuandika. Jembe tunalo, kalamu tunayo. Tunachokosa ni kumbukumbu. Mzee unayejua nani amelala wapi, usingoje kufuatwa nyumbani. Njoo utuonyeshe mapema, kabla na wewe hujawa mtu wa kutafutwa kwenye nyasi.