Kabla ya kumwaga jivu, tazama mizizi

Ua likilegea majani, nyumba nzima hugeuka zahanati. Mama analeta jivu la jikoni, jirani anashauri maji ya kuoshea mchele, shangazi anasaga maganda ya mayai, na kijana aliyeona video kwenye simu anakoroga sukari ndani ya glasi. Vyote vinamiminwa kwenye chungu kimoja, wiki hiyohiyo. Ua likifa, litasemwa lilikuwa na mkosi. Likipona, kila mmoja atadai dawa yake ndiyo iliyoliponya.

Dawa hizi si uongo zote. Kosa ni kutibu kabla ya kupima, ilhali kipimo chenyewe hakigharimu hata senti: kidole. Kikichomekwa kwenye udongo mpaka pingili ya pili kikatoka kikavu, mmea una kiu. Kikitoka na tope, mmea umezama. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukifurika, hewa hukosa nafasi, mizizi huoza, na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana mmea uliozidishiwa maji hunyauka sawasawa na ule ulionyimwa. Mwenyewe akiuona umelegea huingiwa na huruma, akauongezea kopo jingine.

Ajabu ni kwamba baadhi ya mimea ya ndani inayouawa hivi ni wenyeji wa huku huku. Lile ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, na sifa zake zilianzia Usambara, alikolipata Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga. Mbegu zilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalitangaza kisayansi kwa jina la huyo baron, Saintpaulia. Kwao hukaa kivulini, juu ya miamba yenye unyevu, mahali ambapo maji hupita lakini hayatuami. Zamioculcas nayo, mmea wa majani mazito yanayong'aa unaopendwa maofisini, hujiotea porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwamo. Shina lake la chini ya udongo limevimba kama kiazi kwa kuhifadhi maji. Kuumwagilia kila asubuhi ndani ya kopo la rangi lisilo na tundu ni kuuozesha kwa makusudi.

Basi kwa mmea uliozama, dawa bora ya nyumbani ni kisu na msumari. Utolewe chunguni, udongo upukutwe. Mizizi mizima huwa migumu na aghalabu myeupe; iliyooza huwa laini, nyeusi, yenye harufu. Iliyooza ikatwe kwa kisu safi, kopo litobolewe chini, mmea urudishwe kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga, ukae kivulini. Mbolea ingoje majani mapya. Uliokauka kupita kiasi hutibiwa kinyume chake: chungu kikalishwe ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, kwa sababu udongo mkavu kabisa huyaacha maji ya juu yateleze pembeni na kutoka chini bila kuifikia mizizi yenye kiu.

Jivu, ambalo ndilo kimbilio la wengi, lina chokaa na potasiamu, lakini naitrojeni iliondoka na moshi. Kwenye udongo wa tindikali kama wa Kericho, jivu kidogo linafaa. Upande wa mashariki wa Unguja, ambako udongo umelalia mawe ya matumbawe na chokaa imejaa tayari, kuongeza jivu ni sawa na kumtilia chumvi mgonjwa wa presha: mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga yanakuwa ya njano. Maganda ya mayai huchukua miezi mingi kuoza, na nyanya inayooza kitako mara nyingi inalalamikia maji yanayokuja leo na kukosekana kesho. Sukari ni karamu ya sisimizi na vijidudu vya udongoni. Mmea hujitengenezea yake.

Zipo dawa zinazostahili heshima. Sabuni ya kipande iliyokorogwa kwenye maji huua vidukari, mradi iwaguse. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Mbegu za mwarobaini zina nguvu kuliko majani yake, na kwa kuwa jua huharibu kiini chake, hunyunyizwa jioni. Majani ya alizeti mwitu, yale maua ya njano ya kando ya barabara, yakikaushwa yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi; yakilowekwa kwenye ndoo moja ya maji kwa wiki mbili, kisha maji yake yakazimuliwa, ni mbolea kweli. Lakini ni chakula cha mmea wenye njaa. Usimlishe aliyezama.

Na kuna mnyauko usio na dawa, wala ya jikoni wala ya dukani. Nyanya ikilegea ghafla ilhali majani bado mabichi, kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Yakishuka maji meupe kama nyuzi za maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, usitupe kwenye mboji, na usirudishie hapo nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, maana bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka.

Wauza miche wa Barabara ya Bagamoyo na wa Ngong Road wanajua mambo haya kuliko video zote za simuni. Unaponunua ua, muulize muuzaji maswali mawili: kwao hili ni wapi, na hunywa mara ngapi kwa wiki? Kisha kagua kama chungu kina tundu, kabla hujatoa pesa.